Mwana wa Garaji ya Kericho

Lori linalotoka Uvira kwenda Bukavu huanza safari kwa raha. Bonde la Ruzizi ni tambarare: Kavimvira, Kiliba, Sange, Luvungi, na kwa kila kijiji kinachopita shofere anazidi kujiamini. Halafu anafika Kamanyola, na mbele yake mlima wa Ngomo. Ziwa Tanganyika, la upande wa Uvira, liko mita kama 770 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Kivu, la upande wa Bukavu, liko karibu mita 1,460. Tofauti hiyo yote injini lazima iilipe, na sehemu kubwa inalipwa pale mlimani, kona baada ya kona, udongo mwekundu upande mmoja na korongo upande wa pili. Ndiyo sababu kwa miaka mingi wenye magari madogo wamependelea kuvuka mpaka hapo Kamanyola, wakapita Bugarama na Kamembe upande wa Rwanda, kisha wakaingia tena Kongo wakiwa wamefika Bukavu. Wenye mizigo mizito wanapanda.

Huku kwetu shofere hasifiwi kwa mbio. Anasifiwa kwa sababu alipakia mihogo, samaki na watu juu yao, mvua ikamkuta njiani, akalala kwenye potopoto, na bado akafika na mzigo wote, na watu wote. Bonde hili limejifunza kwa uchungu kwamba usukani ni uhai wa watu. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, moto ukalipuka kati ya nyumba, na watu zaidi ya 230 wakafa. Mtu aliyezika jamaa zake siku zile hawezi kuvutiwa tena na kasi kwa ajili ya kasi tu.

Nimeanza huku nyumbani kwa makusudi, maana nataka kusimulia habari za dereva wa mashindano, na najua wengi wakisikia neno hilo wanamwona kijana wa Ulaya au Marekani anayezunguka uwanja wa lami mara mia mbili, gari linang'aa, mafundi ishirini wanamsubiri. Mtu wangu ni mwingine. Alizaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932, mtoto wa fundi magari. Jina lake Joginder Singh. Kipimo alichopimwa nacho mbele ya dunia nzima ni kilekile ambacho abiria wa Uvira humpima nacho shofere wake: je, umefika?

Baba yake alikuwa Kalasinga, yaani Sikh, kutoka Punjab, aliyefungua garaji Kericho, katikati ya mashamba ya chai. Makalasinga walikuwa na historia ndefu ya kazi za mikono katika Afrika Mashariki. Wengi wa mwanzo walikuja na reli iliyojengwa kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria kati ya 1896 na 1901: maseremala, wahunzi, waashi, mafundi wa mitambo. Reli ilipokwisha, waliobaki na waliowafuata walisambaa katika miji midogo wakafungua karakana. Kericho ni nchi ya mvua. Chai inapenda maji, na udongo mwekundu ukilowa unateleza vibaya. Gari linaloishi huko linakuja garaji na magonjwa ya kila aina: springi zilizokatika, klachi zilizoungua, breki zilizojaa tope. Joginder alikulia mle ndani, spana mkononi, na kabla hajajulikana na mtu yeyote kwa uendeshaji alikuwa tayari fundi kamili. Wengine wanalitaja jambo hili kama pambo la wasifu wake. Mimi naliona kuwa ndilo wasifu wenyewe, na yaliyofuata yote yametoka humo.

Mashindano ya magari ya Safari, yaliyokuja kumpa Joginder jina, yalizaliwa mwaka 1953. Mkazi mmoja wa Kenya, Neil Vincent, alimwambia jamaa yake Eric Cecil kwamba kuzunguka uwanja uleule kunamchosha. Kama kungekuwa na mashindano ya kuvuka nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika awe mshindi, hayo angeyaingia. Mwaka huohuo, kwa kisingizio cha kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, magari yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilikuwa shughuli ya walowezi. Hata hivyo ilikuwa na wazo moja zuri sana: magari yalikuwa ya kawaida, yale yanayouzwa madukani, na yaligawanywa kwa bei yake badala ya ukubwa wa injini. Swali la waandaaji lilikuwa la mnunuzi: kwa fedha hii, gari gani litaistahimili nchi hii?

Nchi yenyewe ndiyo ilikuwa mpinzani. Baadaye Safari ikawa inafanyika wakati wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimeanza. Urefu wake ulikuwa kama kilomita 5,000, mchana na usiku, kwa siku tatu au nne zenye usingizi haba. Barabara hazikufungwa kwa ajili yao. Dereva aliingia kona bila kujua kama mbele yake kuna ng'ombe, basi la abiria au lori la kahawa limekwama katikati ya njia. Kwenye kila kituo saa ilisomwa, na kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa kuwa alama ya adhabu. Mwenye adhabu chache kuliko wote ndiye mshindi. Kulikuwa na milima ya Usambara na Mbulu huko Tanganyika, kulikuwa na bonde la Kerio na vilima vya Taita huko Kenya, na kulikuwa na ule udongo mweusi wa mfinyanzi ambao ukilowa hushika tairi usiachie.

Mwaka 1963 walioanza walikuwa zaidi ya themanini, na waliomaliza saba. Mwaka 1968 walianza zaidi ya tisini, wakamaliza saba tena. Ajabu ni kwamba mara zote mbili mshindi alikuwa mmoja, Nick Nowicki, ndani ya Peugeot 404, akiwa na Paddy Cliff. Na mara zote mbili Joginder Singh alikuwa miongoni mwa wale saba waliofika. Hakushinda, lakini alifika. Hapo ndipo mimi ninapomwona mtu huyu vizuri zaidi kuliko katika picha zake za ushindi.

Hebu tufikirie kinachohitajika ili gari lifike. Barabara mbovu haiui gari kwa pigo moja. Inaliua kwa kurudia. Shokapu inapanda na kushuka maelfu ya mara hadi mafuta yake yachemke, kisha inaacha kufanya kazi, na kuanzia hapo kila shimo linaingia moja kwa moja kwenye springi na kwenye bodi. Tope linaziba rejeta, injini inapata joto. Jiwe linapasua sinia la oili, na dereva asiyetazama kipimo cha presha anajua habari hiyo injini ikiwa imeshakwama. Mtoni ni hatari nyingine: feni ikiendelea kuzunguka hurusha maji kwenye waya za umeme na gari huzimika katikati ya mkondo, kwa hiyo mjuzi huondoa mkanda wa feni kabla ya kuingia. Mashofere wetu wa barabara ya Fizi, wanaokutana na mito ileile kila msimu wa mvua kutoka Makobola hadi Baraka, hawahitaji kufundishwa hayo. Wanajua pia kwamba kila kifaa kina sauti yake, na sauti hiyo inabadilika kabla kifaa hakijavunjika. Mtu anayeisikia mapema hupunguza mwendo dakika tano ili aokoe saa tano. Asiyeisikia anaendelea kukanyaga, na watazamaji wanampigia makofi mpaka anapotoweka.

Joginder aliisikia. Alikuwa amefungua na kufunga vitu hivyo kwa mikono yake tangu ujana.

Ushahidi mkubwa ni mwaka 1965. Mwaka uliotangulia, kampuni ya Volvo ya Uswidi ilikuwa imeleta magari yake Afrika Mashariki na mambo hayakuwa mazuri. Magari yalibaki, na mojawapo, Volvo PV544, gari la milango miwili lenye mgongo wa mviringo na umbo ambalo hata wakati huo lilikuwa la kizamani, likanunuliwa na Joginder. Ni gari lililotumika na kuteswa tayari katika njia zilezile. Akalifungua akaliunda upya, kisha yeye na mdogo wake Jaswant wakaingia nalo Safari wakashinda. Kwa mara ya kwanza mashindano yalikuwa na mshindi asiye wa asili ya Ulaya. Kenya ilikuwa na uhuru wa mwaka mmoja na miezi michache tu.

Nadhani watu wa leo hatuelewi ukubwa wa jambo hilo. Mchezo uliobuniwa na walowezi, kwa jina la malkia wao, ulichukuliwa na wana wawili wa fundi kwa gari la mtumba. Magazeti ya Ulaya yakampa jina la Kalasinga anayeruka. Kenya ikamwita Simba. Mimi jina la pili ndilo ninalolipenda, kwa kuwa ni watu wa barabarani waliolitia nguvu, wale waliosimama gizani na mvuani kumngoja apite.

Baada ya hapo ilipita miaka tisa bila ushindi mwingine. Makampuni makubwa yalikuwa yameamka. Safari ilikuwa tangazo bora kuliko yote: gari likiimaliza, mnunuzi wa Nairobi, wa Kampala na hata wa Bukavu alisadiki kwamba litamaliza na njia ya kwao. Datsun walishinda 1970 na 1971. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland, ndani ya Ford Escort, akawa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda, na ile imani kwamba Safari ni ya wenyeji peke yao ikavunjika. Mwaka 1973 mashindano yakaingia katika ubingwa wa dunia wa rali, uliokuwa umeanza mwaka huohuo.

Na hapo 1974, mvua ikiwa kubwa, Joginder akarudi na Mitsubishi Colt Lancer, injini ya lita 1.6, akiwa na David Doig. Nyuma yake, katika nafasi ya pili, alikuwa Björn Waldegård wa Uswidi na Porsche 911, gari lenye nguvu zaidi kwa mbali. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika ubingwa wa dunia. Msomaji anayeshusha magunia kutoka kwenye Fuso, lori lenye jina la Mitsubishi, pale bandarini Kalundu ajue kwamba chapa hiyo ilipata sifa yake ya uvumilivu katika nchi hizi kwa sehemu kubwa kupitia mkono wa huyu mwana wa Kericho. Mwaka 1976 alirudia, tena na Doig, tena na Lancer, na safari hii Mitsubishi walichukua nafasi tatu za kwanza zote: Robin Ulyate wa pili, Andrew Cowan wa Scotland wa tatu. Lancia walikuwa wameleta Stratos, gari lililokuwa likitisha dunia nzima mwaka ule. Hakuna Stratos ya kiwanda iliyofika mwisho.

Siwezi kumwacha Joginder bila kumtaja dereva mwenzake wa Safari, Shekhar Mehta, kwa sababu habari yake inatugusa sisi wa mwambao huu kwa namna ya pekee. Mehta alizaliwa Kampala 1945, katika familia tajiri ya sukari ya Lugazi, kile kiwanda kilichoanzishwa na Nanji Kalidas Mehta. Mtu wa Uvira akisikia kiwanda cha sukari anafikiria Kiliba, na anajua jinsi maisha ya mji mzima yanavyoweza kutegemea bomba moja la moshi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Ni mwaka uleule ambao Warundi walikuwa wakivuka Ruzizi na ziwa kukimbia mauaji, na Uvira ikawapokea. Mehta alihamia Kenya. Pasaka iliyofuata, 1973, mtu huyu aliyetoka kupoteza nchi yake aliingia Safari na Datsun 240Z, akamaliza akiwa sawa kabisa kwa alama na Harry Källström wa Uswidi. Ushindi ukaamuliwa kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Alikuwa Mehta.

Baadaye alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na jumla yake ya mara tano haikuwahi kufikiwa na mtu katika Safari ya zamani. Ajali mbaya katika mashindano ya jangwani Misri, mwaka 1987, ilikatisha udereva wake. Akageukia uongozi wa mchezo katika shirikisho la kimataifa, akafariki London mwaka 2006. Kwa ushindi amempita Joginder. Sina ubishi juu ya hilo. Lakini Mehta alikuwa na Datsun nzima nyuma yake katika miaka yake mikubwa, na ninapolinganisha maisha, moyo wangu unarudi kwenye Volvo ile ya mtumba.

Kuna jambo jingine linaloniuma katika historia hii, na kuliruka kungekuwa dhuluma. Orodha za washindi kwa miongo minne ya kwanza zina majina ya Wazungu na ya Waasia. Waafrika weusi walikuwa wapi? Walikuwa kila mahali. Walikuwa kwenye garaji, chini ya magari. Walikuwa kwenye mitaro ya Mbulu na Kerio, usiku, wakisukuma magari ya watu wasiowajua yatoke kwenye tope. Gari la mashindano, tairi za akiba, mafuta, magari ya mafundi wanaofuata nyuma, vyote hivyo vilihitaji fedha ambazo Mwafrika wa 1965 hakuwa nazo wala hakukopeshwa. Ilibidi kusubiri hadi 1994 ndipo Patrick Njiru, ndani ya Subaru, akamaliza wa nne na Kenya nzima ikamwimba. Mkono uliokuwa unasukuma hatimaye ulishika usukani. Joginder mwenyewe alikuwa amefungua mlango huo nusu, na nusu ni nyingi kwa mtu mmoja.

Alishiriki Safari 22, kuanzia 1959 hadi 1980, na akamaliza 19. Naomba msomaji asimame kidogo kwenye hesabu hiyo. Katika mashindano ambamo mara mbili walifika saba tu, yeye alikosa kufika mara tatu katika muda wa miaka zaidi ya ishirini. Ushindi mara tatu ni jambo kubwa, lakini ushindi unategemea pia wapinzani, mvua na bahati. Kumaliza 19 kati ya 22 ni tabia ya mtu. Ni namna yake ya kukaa na mashine: kuijua ilivyoundwa, kuiheshimu, kuidai kila iwezacho kutoa na kuishia hapo. Waajiri wanaotafuta shofere wa kupandisha mzigo Ngomo wangemchukua siku hiyohiyo bila kuuliza vikombe vyake.

Alipostaafu alihamia Uingereza, na huko London alifariki Oktoba 2013 akiwa na miaka 81.

Safari yenyewe ilitoka katika ubingwa wa dunia baada ya 2002 na ikarudi 2021, makao yake yakiwa Naivasha. Sasa sehemu za mashindano zimefungwa kwa magari mengine, jumla ya sehemu hizo ni kilomita mia tatu na ushei badala ya maelfu, na Toyota ndio wanaotawala: mwaka 2022 walichukua nafasi nne za kwanza zote. Wazee wa Nairobi wanalalamika kwamba hii si Safari. Nawaelewa, ingawa sikubaliani nao moja kwa moja, kwa sababu kanuni za leo zina kifungu kimoja ambacho Joginder angekipenda. Zamani mafundi wa kiwanda waliweza kulifuata gari popote, na miaka ya mwisho hata kwa helikopta. Sasa gari likiharibika nje ya kituo cha huduma, hakuna anayeruhusiwa kuligusa isipokuwa dereva na msaidizi wake, kwa vifaa walivyobeba humo ndani. Kwa hiyo kila mwaka karibu na Naivasha dereva anayelipwa mamilioni analala chini ya gari, kwenye vumbi la ufa mkubwa wa Afrika Mashariki, akifunga mkono wa gurudumu kwa spana na mikanda, na saa inahesabu. Anayejua kazi hiyo anaondoka. Asiyejua anangoja kuvutwa.